Tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza mjini Lubumbashi: ‘make’, ‘have’, ‘get’, ‘let’ na jamaa zao

Mwaka jana, mwezi wa nane, lori la mteja wetu mmoja wa Zambia lilikwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, siku tatu kwa sababu ya hati moja iliyokosa muhuri. Dereva alikuwa ameishiwa fedha, kwa hiyo ofisi yetu ya uwakala wa forodha ikamchukua, ikamlisha na kumlaza katika ua wetu mpaka hati ilipokamilika. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia mwenye lori, na kwa Kiingereza nilichokuwa nacho wakati huo niliandika: ‘We made your driver eat and sleep in our compound for three days.’ Kichwani mwangu sentensi hiyo ilikuwa ‘tulimlisha na kumlaza dereva wako’, yaani jambo ambalo mgeni yeyote hulishukuru. Mwenye lori aliisoma kama taarifa ya mtu aliyefungiwa, akalazimishwa kula na kulala mahali asipotaka. Alipiga simu saa ileile, akitaka kujua ni kwa amri ya nani dereva wake anazuiliwa. Tulieleweshana, lakini mzigo wake uliofuata aliupeleka kwa wakala mwingine, na mpaka leo hajarudi kwetu.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu ndicho kilichonipeleka, miezi michache baadaye, katika darasa la jioni ninalolitathmini hapa, na ndicho kipimo ninacholipimia. Darasa liko Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, katika chumba cha shule ya msingi kinachokodishwa watoto wanaporudi nyumbani. Wanafunzi hukutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja usiku, na ada ni dola 25 kwa mwezi. Mwalimu hapendi jina lake litangazwe, nami nitaheshimu ombi lake. Muhula ni wa miezi mitatu: mwezi wa kwanza hushughulikia nyakati za vitenzi, wa pili barua za kikazi, na wa tatu, ambao ndio hasa nitakaouzungumzia, hushughulikia jambo moja tu, yaani namna Kiingereza kinavyoeleza kwamba mtu au kitu fulani kimesababisha jambo litokee.

Mtu anaweza kushangaa kwamba jambo hilo moja linapewa mwezi mzima. Sababu iko katika lugha mbili tunazoingia nazo darasani. Kiswahili kina kauli ya kutendesha, ambayo kwa silabi moja tu hugeuza kulala kuwa kulaza, kula kuwa kulisha, kusubiri kuwa kusubirisha, na kutengeneza kuwa kutengenezesha, neno tunalolitumia kila siku hapa mjini tunapopeleka simu au pikipiki kwa fundi. Silabi hiyo haisemi kama aliyetenda alilazimishwa, aliombwa, alilipwa au aliruhusiwa. Msikilizaji huelewa kutokana na mambo yenyewe. Nikisema nilimkimbiza mwizi, inaeleweka kwamba nilimfukuza. Nikisema nilimkimbiza mgonjwa hospitalini, inaeleweka kwamba nilimwahisha kwa daktari, na hakuna anayedhani kwamba mgonjwa alitimua mbio. Kifaransa nacho, ambacho ndicho lugha ya shule na ya ofisi kwetu, hutanguliza kitenzi ‘faire’ mbele ya kitenzi kingine, na kwa njia hiyo hiyo moja husema kumsubirisha mtu, kumlisha mtoto na kutengenezesha gari. Basi mtu wa Lubumbashi hufika kwenye Kiingereza akitafuta neno moja la kazi hizo zote, hukutana na ‘make’ kwanza, na hulibebesha kila kitu, kama nilivyolibebesha mimi katika barua ile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma kwingine, katika kituo ambacho sitakitaja, na huko somo hili lilichukua robo saa. Tuliandikiwa ubaoni kwamba ‘make’, ‘have’ na ‘let’ hufuatwa na kitenzi kisicho na ‘to’, na kwamba ‘get’ hufuatwa na kitenzi chenye ‘to’. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukapasi. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa, nami niliijua vizuri siku nilipoandika barua ile, kwani sentensi yangu haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka saa na fedha nilizozitoa pale: nilifundishwa umbo la maneno, lakini hakuna aliyeniambia kila moja lina maana gani kwa mtu anayelisikia.

Katika darasa la Kamalondo mwalimu alianza kinyume. Jioni ya kwanza ya mwezi wa tatu wa muhula aliandika ubaoni sentensi nne zinazofanana isipokuwa kitenzi kimoja: ‘I made the mechanic check the brakes’, ‘I had the mechanic check the brakes’, ‘I got the mechanic to check the brakes’ na ‘I let the mechanic check the brakes’. Katika zote nne fundi amekagua breki. Mwalimu hakutafsiri hata moja. Alituuliza tu: fundi huyu, moyoni mwake, alitaka nini? Kisha akatupa muda wa kubishana, na ubishi huo ndio uliokuwa somo lenyewe. Katika sentensi ya kwanza fundi hakutaka, au angalau hakuulizwa, na mwenye gari alikuwa na uwezo wa kumlazimisha. Katika ya pili hakuna anayevutana na mwenzake: kukagua breki ni kazi ya fundi, mteja ameagiza, naye ametimiza. Katika ya tatu palikuwa na kizuizi fulani, pengine fundi alikuwa anafunga gereji au alikuwa na magari mengine mbele, na mteja alimbembeleza, akamwongezea kitu au akamweleza shida yake mpaka akakubali. Katika ya nne fundi ndiye aliyetaka kukagua, na mwenye gari hakumzuia.

Mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ambaye hununua bidhaa ng’ambo ya mpaka na kwa hiyo huzungumza Kiingereza cha kupatana bei kuliko sisi sote, alisema: ‘Mwalimu, mimi kila siku namwambia mteja I made the boss reduce the price. Kumbe najisifu kwamba nilimkaba koo?’ Mwalimu alimjibu: ‘Ndiyo, Mama, ndivyo anavyokusikia. Wewe ulimbembeleza boss, basi sema you got him to reduce it.’ Tangu jioni ile hakuna mtu darasani aliyelichanganya ‘get’ na ‘make’, kwa kuwa kila mmoja wetu aliwahi kubembeleza bei na anajua kazi yake ilivyo.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba mwalimu hakutuacha na ubaguzi mpya dhidi ya ‘make’. Wiki iliyofuata alituonyesha kwamba, kama mwenye kusababisha si mtu bali ni kitu, hali au habari, ukali wa neno hilo huondoka. Vumbi la kiangazi chetu, linaloanza kuinuka mwezi wa tano mvua zikiisha kukatika, ‘makes me cough’. Habari njema ‘makes you smile’. Moshi wa makaa ‘makes your eyes water’. Hapo hakuna anayemlazimisha mwingine, kwa kuwa vumbi halina nia, na katika sentensi kama hizo ‘have’ haliwezi kushika nafasi ya ‘make’, kwani vumbi haliwezi kumwagiza mtu akohoe kama mteja anavyomwagiza fundi. Kwa hiyo swali la nia ya mtendaji linakwenda pamoja na swali la pili, kama msababishaji mwenyewe ana nia. Nilikuwa nimesoma Kiingereza miaka sita shuleni bila mtu yeyote kunionyesha maswali haya mawili.

Kuhusu umbo, darasa lilipita haraka, na nadhani lilifanya vema. Jambo moja tu lilirudiwa mara nyingi, nalo ni kwamba ‘to’ inayokosekana katika ‘they made him wait’ hurudi sentensi inapogeuzwa katika kauli ya kutendwa: ‘he was made to wait’. Kwa ‘let’ mambo ni tofauti, kwani hapo Waingereza kwa kawaida huliacha neno hilo na kutumia ‘allow’, wakasema ‘he was allowed to pass’. Kwa mtu anayeandika taarifa za mpakani, ambamo daima kuna lori lililosubirishwa na lori lililoruhusiwa, sentensi hizi mbili ni mkate wa kila siku.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, na ambayo peke yake ingetosha kunirudishia ada yangu, ni ile ya ‘have’ pamoja na kitu kilichofanywa. Mwalimu aliandika sentensi mbili: ‘I had the documents signed’ na ‘I had signed the documents’. Maneno ni yaleyale matano, na kilichobadilika ni mahali pa hati tu. Ya kwanza inasema nilizipeleka hati kwa mwenye mamlaka, akazitia saini. Ya pili inasema mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuzitia saini. Katika kazi ya forodha tofauti hiyo inaweza kumtia mtu matatani, kwa kuwa anayesoma ya pili atauliza wakala amepata wapi haki ya kutia saini hati hizo. Anayejua Kifaransa hunaswa hapa kwa urahisi zaidi, maana Kifaransa huweka vitenzi viwili pamoja na kitu nyuma yake, naye huandika ‘I made repair the truck’, ambayo si Kiingereza hata kidogo. Kiingereza kinataka kitu kikae katikati: ‘I had the truck repaired’. Hiyo ndiyo ‘nilitengenezesha lori’ yetu, neno kwa neno la maana yake, na mwalimu alitukumbusha kwamba ukitumia ‘get’ mahali hapo, ‘I got the truck repaired’, hakuna tena habari ya kubembeleza, bali ni namna ya mazungumzo zaidi kuliko ya barua.

Mfano wa kinyozi ulitupa kazi zaidi. Sisi husema ‘nimenyolewa’, kwa kauli ya kutendwa, ingawa ni sisi wenyewe tuliokwenda kwa kinyozi na kumlipa. Kijana mmoja anayefanya kazi mgodini alitafsiri hivyo hivyo na kusema ‘I was cut’, ambayo kwa Mwingereza ni habari ya jeraha. Kinachotakiwa ni ‘I had my hair cut’. Kisha mwalimu akaandika ‘I had my phone stolen’, na kwa muda darasa lilinyamaza, kwani kwa kanuni tuliyokuwa tumeijenga ilionekana kama mtu ameagiza simu yake iibiwe. Alitueleza kwamba umbo hilohilo hubeba pia jambo lililompata mtu bila kulitaka, na kwamba kinacholiamua ni akili ya kawaida: hakuna anayeagiza kuibiwa. Nilipenda kwamba hakuficha ugumu huo ili kanuni yake ibaki safi.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukaendelea kwa taa za simu, na kwa kuwa ubao haukuonekana vizuri mwalimu alitusimulia habari za Kiingereza cha kale. Zamani lugha za jamii ya Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mojawapo, zilikuwa na kiambishi chao cha kusababisha, na ingawa kilikufa, kimeacha jozi za vitenzi: ‘fall’ ni kuanguka, na ‘fell’ ni kuangusha mti, ‘sit’ ni kukaa, na ‘set’ ni kukalisha kitu mahali, ‘lie’ ni kulala, na ‘lay’ ni kulaza, ‘drink’ ni kunywa, na ‘drench’ asili yake ni kunywesha, maana ambayo wafugaji bado wanayo wanapomnywesha mnyama dawa, ingawa kwa watu wengine siku hizi ni kulowesha chapachapa. Nilipotoka usiku ule nilikuwa na furaha ambayo ni vigumu kuieleza, kwa sababu kwa mara ya kwanza Kiingereza kilionekana kwangu kama lugha iliyowahi kufanya jambo ambalo bibi yangu hulifanya kila anapofungua kinywa. Vitenzi vingine vya Kiingereza havibadiliki kabisa: maji ‘boils’, na mpishi naye ‘boils’ maji, wakati sisi hatuwezi kuchanganya kuchemka na kuchemsha.

Usiku huohuo aligusia mjadala maarufu wa wanaisimu, kama ‘kill’ ni sawa na ‘cause to die’, ambao mwaka 1970 mwanafalsafa wa Marekani Jerry Fodor aliuandikia makala ya kukana kwamba ni sawa. Kwa mwenye Kiswahili jambo hili haliko mbali, kwani tuna kuua na tuna kufisha, na mtu aliyeacha mlango wa zizi wazi, mbuzi akatoka na kugongwa na gari, hatusemi amemuua mbuzi. Kiingereza vilevile: anayesababisha kwa mkono wake hupewa kitenzi kifupi, na anayesababisha kwa mzunguko hupewa maneno marefu. Kwa taarifa ya ajali barabarani, kuchagua moja badala ya lingine ni kumpa mtu hatia au kumpunguzia.

Wiki ya mwisho ilihusu maneno ya kuunganisha tukio na tukio: ‘cause’, ‘lead to’, ‘result in’, ‘bring about’, ‘give rise to’, ‘trigger’. Hapa darasa lililegea, na nasikitika, kwa sababu ndiyo maneno yanayojaa katika ripoti za kampuni. Tulipata jioni mbili tu. Katika jioni hizo nilijifunza jambo moja kubwa, kwamba ‘cause’ lina marafiki wabaya. Mwaka 1995 mwanaisimu Michael Stubbs alichunguza mkusanyo mkubwa wa matini za Kiingereza akaonyesha kwamba neno hilo hufuatwa zaidi na mambo ya kuchukiza, kama vile ajali, uharibifu, matatizo na vifo. Anayeandika kwamba barabara mpya ‘caused development’ hajavunja sarufi, lakini msomaji husita. Nimejaribu kulinganisha na ‘kusababisha’ yetu na naona inaelekea kulekule: tunasema imesababisha hasara, imesababisha vifo, lakini maendeleo na baraka huletwa. Hilo ningependa lifanyiwe mazoezi ya kutosha, na halikufanyiwa. Vilevile ‘result in’ na ‘result from’, ambazo huelekea pande mbili kinyume, zilipewa dakika kumi. Na ‘lead to’, ambayo ‘to’ yake si ile ya kitenzi bali ya mwelekeo, kiasi kwamba inatakiwa kusema ‘led to losing the client’ na si ‘led to lose’, ilitajwa kengele ikikaribia kulia, na nusu ya darasa hawakuinakili.

Nina malalamiko mengine mawili. Vitini ni fotokopi za fotokopi, na kurasa nyingine hazisomeki. Kwa dola 25 tungestahili maandishi yanayoonekana. Pia mifano katika vitini hivyo, tofauti na ile ya mdomo, imetoka katika vitabu vya mbali: theluji inayofunga barabara, bibi anayetengenezesha bustani yake. Mwalimu anajua vizuri zaidi kuliko vitini vyake, na ningetamani aandike vya kwake, vyenye malori ya shaba yanayopita Zambia kuelekea Durban na Dar es Salaam, na wateja wanaosubiri.

Juma la mwisho nilimpelekea nakala ya barua yangu ya mwezi wa nane. Aliisoma kimya, akaniuliza kama dereva alilala kwa hiari yake, nikamwambia alitushukuru mpaka machozi yakamlenga. Akaandika chini yake: ‘We put your driver up for three days and gave him his meals.’ Hakuna ‘make’, hakuna ‘have’, hakuna ‘let’. Alinieleza kwamba kulisha na kulaza mgeni, kwa Kiingereza, havihesabiwi kama kumfanyiza mtu jambo, ni kumpa. Kati ya yote niliyoyapata katika miezi mitatu, hilo ndilo lililonikalia moyoni.

Darasa hili nalipendekeza kwa mtu ambaye tayari anaweza kuunda sentensi za kawaida na anayeandika au kuzungumza Kiingereza kazini, awe wakala, mfanyabiashara wa mpakani, karani au fundi wa mgodini. Anayeanza kabisa atapotea katika mwezi wa tatu, na ni afadhali atafute pengine kwanza. Afike mapema, kwani tulikuwa watu 28 katika chumba chenye madawati ya watoto, na wanaokaa nyuma hawasikii mvua inapopiga mabati. Mimi nimekwisha kulipia tena mwezi wa tatu wa muhula ujao, mwezi huo peke yake, na nimemwomba mwalimu aanze na ‘lead to’.